Barua ya Wazi: Mzamivu Amerudi Malindi, Kazi Yake Ni Ipi?

Kwa Magavana wa Kilifi na Lamu na mawaziri wao wa elimu, mazingira na uvuvi. Kwa wenyeviti wa bodi za utumishi wa umma za kaunti hizi mbili. Kwa wakuu wa vyuo vikuu vyenye wanafunzi wa uzamivu kutoka Pwani. Na kwa wakurugenzi wa taasisi za utafiti zilizoko baina ya Mtwapa na Kiunga.

Waheshimiwa,

Salamu. Tunaoandika ni wasimamizi na watahini wa tasnifu za sayansi, pamoja na wenzetu wanaochambua maombi ya ruzuku na ya kazi. Hatuji kuomba basari ziongezwe. Basari zipo, na watu wanasoma. Kilichotuleta ni kile kinachofuata: fedha za umma humbeba mtu mpaka shahada ya juu kabisa, uzamivu (PhD), halafu humshusha gatini usiku, hapana mwenye taa, wala hapana ofisi iliyowahi kumuuliza akimaliza anakwenda wapi. (Aliyeiita shahada hii uzamivu alimfikiria mpiga mbizi, akasahau kututungia neno la kuibuka.)

Akiuliza mwenyewe, huambiwa mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo hapa haikukaa mahali pake. Mkulima anayeijua kazi hatumii jembe la kupalilia kuvunjia ardhi ngumu. Aliyetumia miaka mitano kupima mashapo ya mto Sabaki hatakiwi kushika kazi yoyote inayopita mbele yake. Anatakiwa ajue zipo kazi gani, kila moja inadai nini, na ipi ikishikwa itamfungia nyingine. Funguo za nyingi kati ya hizo mnazo nyinyi.

Ipo hesabu ambayo wanafunzi wengi hawaambiwi. Mwaka 2010, Royal Society ya Uingereza ilitoa mchoro wa safari ya wenye uzamivu wa sayansi nchini humo. Asilimia 53 walikwenda kwenye kazi za nje ya sayansi mara tu baada ya shahada. Asilimia 3.5 ndio walioishia kwenye nafasi ya kudumu ya utafiti chuoni, na waliofika uprofesa ni asilimia 0.45. Kenya si Uingereza. Huku kwetu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, tangu vigezo vyake vya 2014, inataka mhadhiri awe na uzamivu, kwa hiyo kwenye makaratasi uhitaji ni mkubwa. Lakini nafasi ya kudumu haitangazwi kwa sababu uhitaji upo. Hutangazwa kwa sababu fungu la mshahara lipo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu huku akidhani uhadhiri unamngoja anapaswa kuambiwa hivyo mapema, na wa kumwambia ni idara yake.

Chukueni kazi ambayo wengi huikimbilia kwanza, uhadhiri wa muda. Somo moja la muhula ni saa 3 kwa wiki kwa wiki 14, yaani saa 42 darasani. Anayelifundisha kwa mara ya kwanza hutumia si chini ya saa 3 za maandalizi kwa kila saa ya darasani. Akichukua masomo manne ili apate kodi ya nyumba, ana saa 168 za darasani na 504 za maandalizi, jumla 672. Zigawe kwa wiki 14, ni saa 48 kila wiki. Hapo hajasahihisha karatasi hata moja ya mtihani, wala hajapanda matatu ya Malindi kwenda Kilifi na kurudi. Makala mbili zilizobaki kuandikwa kutoka kwenye tasnifu hulala. Mwaka wa pili data zake zimeanza kupitwa. Mwaka wa tatu nafasi ya kudumu inatangazwa, inadai machapisho, na anayeikosa ni yule yule aliyekuwa akiwafundishia wanafunzi wenu. Na malipo ya wahadhiri wa muda, kila mtu anajua, huja kwa malimbikizo.

Hatusemi uhadhiri wa muda ni haramu. Somo moja au mawili, kwa muhula mmoja au miwili, humpa mtu ushahidi kwamba anaweza kusimama mbele ya darasa. Mkuu wa idara anayempa mzamivu mpya masomo manne anajua anachokifanya, na tunamwomba aache.

Njia ya pili ni kazi ya utafiti ya mkataba baada ya shahada, ambayo wenyewe huiita postidoki. Hii ina saa inayohesabu, na saa hiyo huanza kabla mwenyewe hajazinduka. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya unataka mwombaji awe ameshatetea tasnifu kufikia siku ya mwisho ya maombi, asiwe na zaidi ya miaka 8 ya utafiti baada ya uzamivu, na asiwe ameishi katika nchi anayoiomba zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Maombi hufungwa Septemba, majibu huja mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na kazi huanza miezi kadhaa baadaye. JSPS, shirika la Japani la kukuza sayansi, huhesabu miaka 6 tangu shahada. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani hupokea maombi mwaka mzima, lakini ni lazima kwanza mwombaji apate mwenyeji aliyekubali kwa maandishi, na mwenyeji mzuri hapatikani kwa barua pepe moja. Jumlisheni yote: tangu siku mtu anapoanza kutafuta mpaka mshahara wa kwanza, ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Anayeanza kutafuta baada ya mahafali atakaa muda huo wote bila kitu.

Vyuo vikuu vinaingia hapa. Mtu hutetea tasnifu Machi. Masahihisho yanachukua miezi mitatu. Mtahini wa ndani anakaa na nakala iliyosahihishwa wiki sita, kisha bodi ya shahada za juu, kisha seneti, kisha mahafali ambayo pengine yalishapita na mengine ni ya mwaka ujao. Muda wote huo mwenyewe ameshamaliza, ila hana karatasi ya kuonyesha. Ikiwa ufadhili fulani unadai ushahidi wa utetezi kufikia Septemba naye hana barua, amepoteza miezi 12, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa karatasi moja yenye muhuri. Dawa yake haina gharama: barua ya ukamilisho, yenye tarehe ya utetezi na tarehe ya kukubaliwa masahihisho, itolewe ndani ya siku 14 tangu mtahini aliposaini. Tarehe zote mbili ziandikwe, kwa sababu wafadhili wengine huhesabu tangu utetezi na wengine tangu shahada kutolewa. Barua inayosema tu kwamba fulani "amehitimu" hurudishwa.

Kuna postidoki nyingine ambayo haidai kusafiri: mradi wa nje unaokuja kufanya kazi Pwani na kumtafuta mtaalamu mwenyeji. Hii inaweza kuwa nzuri sana, na inaweza kuwa kibarua cha kubeba ndoo za sampuli chini ya jina kubwa. Tofauti haionekani kwenye mshahara. Ipo kwenye majibu ya maswali matano ambayo taasisi mwenyeji inapaswa kuyauliza kwa niaba ya kijana kabla ya kutia saini: fedha za mradi zinaisha lini, si mkataba unaisha lini, nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala ipi, data na sampuli zikitoka nchini zinatoka kwa hati gani, je, mwenyewe anaruhusiwa kuondoka na sehemu ya utafiti aiendeleze kwa jina lake, na waliowahi kuishika nafasi hiyo wako wapi leo. Swali la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Mradi uliopitisha watu wanne, na wote wanne bado ni wasaidizi wa watu wengine, hauhitaji maelezo zaidi. Taasisi zenu tayari zinashughulika na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na Kenya imo kwenye Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, kwa hiyo kudai masharti haya si ukorofi.

Tunapita haraka kwenye kazi chache ambazo wanafunzi huzidharau kwa kutozijua. Majaribio ya dawa na chanjo yana kazi nyingi zaidi ya ile ya kuchoma sindano. Chanjo ya malaria ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, ilijaribiwa Kilifi pia, na jaribio kama hilo huhitaji wasimamizi wa data, wakaguzi wa ubora, waandishi wa taratibu za maabara na watu wa kushughulika na mamlaka za dawa. Mzamivu wa baiolojia anazifaa kazi hizi, ila lazima kwanza apate mafunzo ya kanuni za majaribio ya kitabibu. Kozi ni fupi, na cheti kisipokuwepo jina huondolewa kwenye mchujo wa kwanza. Uchunguzi wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, ni kazi nyingine: ofisi ya ARIPO, shirika la Afrika la miliki ubunifu, iko Harare, yetu iko Nairobi, na wote wanahitaji watu wanaoweza kusoma dai la kemia na kusema kama ni jipya. Ualimu wa sekondari, kinyume na wanavyodhani wengi, haufunguliwi na uzamivu. TSC, tume ya kuajiri walimu, husajili kwa mafunzo ya ualimu.

Na Ngomeni pale. Mnamo 12 Desemba 1970, kutoka kwenye San Marco, jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi baharini, ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei. Watoto wa Malindi wanaujua ule mnara kama alama ya wavuvi. Mkataba mpya wa Kenya na Italia juu ya kituo hicho, uliotiwa saini 2016, ulihusu mafunzo pia. Waziri wa elimu wa kaunti anaweza kuandika barua moja akauliza nafasi za mafunzo ni ngapi, na je, tangazo lake linafika Marafa na Magarini au linaishia Nairobi?

Sasa ushauri wa kitaalamu, ambao hapa Pwani ndio unaokua. Anayetaka kufanya tathmini ya athari kwa mazingira lazima asajiliwe na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na alipie leseni kila mwaka. Uzamivu peke yake hautoshi. Inatakiwa mafunzo ya tathmini na uzoefu wa kazi, na uzoefu huo hupatikana kwa kuanza kama mtaalamu mshiriki chini ya mtu mwingine. Kosa kubwa ni kwenye bei. Mtu huchukua mshahara anaoutamani, akaugawa kwa siku 22 za mwezi, akasema hiyo ndiyo bei yake ya siku. Lakini mwaka una takriban siku 220 za kazi, na mshauri anayejitegemea akiweza kulipwa nusu yake, siku 110, ameshukuru. Nusu nyingine ni kuandika zabuni, kufuatilia malipo na kusafiri. Anayehitaji shilingi 1,800,000 kwa mwaka agawe kwa 110: shilingi 16,364 kwa siku, kabla ya gharama za kazi ya uwandani, na mteja atakata humo kodi ya zuio ya asilimia 5. Aliyegawa 150,000 za mwezi kwa siku 22 amejipa shilingi 6,818. Huyo atafanya kazi mwaka mzima na kufunga mwaka na madeni, kisha atasema ushauri haulipi.

Zabuni zenyewe mnazo. Mpango wa AGPO umetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini kijana kwa sheria hiyo ni hadi miaka 35, na wengi wetu huku humaliza uzamivu wakiwa wameshaivuka. Mwanamume wa miaka 38 mwenye kampuni changa ya kupima maji hana mlango hapo. Hatuna hakika kama mliwahi kulitazama hilo.

Tumefika mahali panapotuhusu zaidi, kaunti yenyewe kama mwajiri. Mnasema hamna kazi ya mzamivu. Tuangalie Lamu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi, kwa marekebisho ya 2023, inataka miradi ya kaboni ya ardhini, ile inayouza hesabu ya hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti na udongo, iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Wazee wa vijiji wanaijua hiyo 40. Swali ambalo halijibiwi kijijini ni asilimia 40 ya nini. Kaboni haionekani, huhesabiwa. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, hupimwa kipenyo cha shina kwenye urefu wa mita 1.3. Mkoko wenye mizizi ya magongo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, na anayeupima chini ya hapo anapima mizizi akidhani ni shina. Kisha namba hizo huingizwa kwenye mlinganyo, na mlinganyo uliotengenezwa kwa miti ya nchi nyingine, yenye umbo na uzito mwingine wa mbao, huweza kupandisha au kushusha jibu kwa kiasi kikubwa. Halafu kuna udongo, ambao ndio unaobeba sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko. Ni lazima utobolewe mpaka kina cha mita moja, na sampuli zikikaushwa vibaya hesabu nzima imeharibika. Mkataba wa mradi kama huo ukifika mezani kwa kaunti, nani upande wenu anausoma ukurasa wa vipimo? Asipokuwepo, mtasaini namba za muuzaji, na hao wanamazingira wake wote ni wazamivu.

Bandari ni vivyo hivyo. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021 na mpango ni magati 32. Kila gati lina uchimbaji wa mkondo, kila uchimbaji una tope, na kila tope lina taarifa ya kurasa mia kadhaa inayosema tope halitafika mahali fulani. Taarifa hiyo imejengwa juu ya modeli ya mikondo ya maji, na modeli hutegemea vipimo vya kusi na vya kaskazi vyote viwili. Vipimo vya msimu mmoja havitoshi, na anayelijua hilo huligundua ndani ya dakika kumi kwenye jedwali la tarehe. Maji ya kunywa ya mji wa Lamu yanategemea mchanga wa Shela: yakivutwa zaidi ya yanavyoingia, maji ya chumvi hupanda. Mtu anayejua kupima kina na chumvi kila mwezi, na kuchora mstari, angewaambia lini mpunguze pampu kabla wananchi hawajalalamika kwamba chai ina ladha.

Na Malindi, mvua zikinyesha bara, bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa mpaka wageni wanauliza kulikoni. Hayo mashapo ya Sabaki yanafukia ufuo wa mjini na kulisha mchanga wa Mambrui, na yako jirani na matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoanzishwa 1968, ambayo ilishapata pigo la maji ya moto mwaka 1998. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, kila nukta ni mita 10, na hupita kila baada ya siku 5. Idara ya mipango ya Kilifi ingeweza kuwa na ramani ya tope ya kila mwezi kwa gharama ya kompyuta moja nzuri na mshahara wa mtu mmoja. Tumetaja mambo manne ambayo kaunti inayaamua kila mwaka, na kwa kila moja yuko mtu wa Pwani aliyelisomea mpaka mwisho.

Anapoomba kazi kwenu nini hutokea? Tangazo linasema shahada ya kwanza, na mbele yake "uzamili ni sifa ya ziada". Uzamivu haukutajwa. Kwenye mahojiano mjumbe mmoja anauliza, "Wewe mwanangu daktari mzima, utakaa hapa kweli?" Swali hilo linaonekana la hekima. Jibu lake liko kwenu: atakaa ikiwa kazi inatumia alichosomea. Msiwaajiri wazamivu kwenye nafasi za makarani ili mseme mmeajiri. Hapo kweli hawatakaa.

Hili la kifungo cha kurudi ni zito zaidi. Mfadhiliwa hutia saini kwamba baada ya masomo atairudia kaunti na kuitumikia miaka kadhaa, la sivyo alipe. Anarudi. Nafasi haipo. Hapewi kazi, na hapewi barua ya kumwachilia. Akipata postidoki ya miaka miwili Ulaya au ruzuku ya utafiti kutoka WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari kilichoko Zanzibar, haijulikani kama anavunja mkataba. Tunapendekeza kifungu kimoja cha maneno machache: ikiwa kaunti haitampa nafasi inayolingana na fani yake ndani ya siku 90 tangu aripoti, kifungo kinaisha chenyewe, kwa maandishi. Na utafiti utakaofanyika nje juu ya Pwani uhesabiwe kuwa ni utumishi, kwa sharti kwamba nakala ya data inawekwa kaunti.

Mnaweza pia kubadilisha fomu. Ile ya ufadhili wa mwaka wa mwisho huuliza ada na barua ya kukubaliwa. Iongezwe kurasa mbili za mpango wa kazi, zijazwe miezi 18 kabla ya kuwasilisha tasnifu, msimamizi azitie saini. Ndani yake pawe na njia mbili, si moja, kila moja na jina la mwajiri halisi, tarehe za kufungwa maombi, na kitu kinachokosekana mpaka sasa: cheti, makala, leseni, au mtu wa kumdhamini. Miezi 18 hadi 12 kabla ni ya kuzungumza na watu watano au sita wanaoifanya kazi hiyo, nusu saa kila mmoja, na kuwauliza siku yao inapitaje na walichokosea. Maswali ya kuomba kazi hayaingii hapo. Miezi 12 hadi 6 ni ya kujaza pengo moja, lile la bei nafuu kuliko yote. Sita ya mwisho ni ya maombi, sambamba na tasnifu, hata kama msimamizi ananung'unika. Msimamizi anayemwambia mwanafunzi "maliza kwanza, mengine baadaye" anamdhuru, na tunasema hivyo tukijua wengine wetu tulishayatamka maneno hayo.

Wasifukazi nao. Bodi hupokea kurasa 14 zilizoanza na machapisho, na karani huacha kusoma ukurasa wa pili. Mwombaji wa kazi isiyo ya chuo aandike kurasa mbili, na kila mstari useme aliendesha nini: wasaidizi wangapi wa uwandani, bajeti kiasi gani, sampuli ngapi, ruhusa kutoka kwa nani, ilimalizika kwa wakati au la. "Alitumia mbinu ya eliza" haimwambii kitu mwenyekiti wa bodi. "Alisimamia uchunguzi wa sampuli za damu 800 kutoka zahanati sita bila kupotea hata moja" inamwambia mengi. Lakini bodi nayo iwe na mtu wa kusoma wasifu wa kurasa 14 unapokuja, maana kwa kazi ya utafiti ndio unaotakiwa.

Tunalowaomba kwa fedha ni dogo. Nafasi nne katika kila kaunti, za mkataba wa miezi 12, kwa waliotetea tasnifu ndani ya miaka miwili, kila nafasi ikifungwa kwenye tatizo moja linalojulikana: mikoko, bandari na maji ya Shela kwa upande wa Lamu, tope la Sabaki kwa Kilifi, na mengine mtakayochagua. Shilingi 120,000 kwa mwezi ni 1,440,000 kwa mwaka. Ongeza 400,000 za mashua, mafuta na maabara. Kila nafasi ni 1,840,000, na zote nne ni 7,360,000. Anayeishika atoe vitu vitatu: ripoti ya kurasa 20 kwa lugha inayosomeka barazani, jedwali la data lililo wazi, na makala moja iliyotumwa kwenye jarida. Siku moja kwa wiki iwe yake ya kuandika maombi ya kazi inayofuata, na iandikwe hivyo kwenye mkataba, isiachwe kwa huruma ya mkurugenzi.

Msiingoje Nairobi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka Hazina ya Taifa ya Utafiti ipate asilimia 2 ya pato la taifa, na kilichotolewa hakijawahi kuikaribia.

Kalenda yenu wenyewe ndiyo inayobana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo 28 Februari, na makadirio ifikapo 30 Aprili, ndipo mwaka uanze 1 Julai. Kifungu cha bajeti kisichoandikwa Septemba hii kitangoja Septemba nyingine, na shilingi yake ya kwanza haitatoka mpaka Julai ya mwaka unaoifuata: miezi 22. Kwa mtu ambaye saa yake ya miaka 6 au 8 imeshaanza kuhesabu, na anayefundisha masomo manne hapo katikati, huo si muda wa kungoja. Tunaomba mtujibu kwa maandishi kifungu hicho kitakaa chini ya idara ipi, na nani atakayekishika.

Wenu,
Wasimamizi na watahini wa tasnifu za sayansi,
Malindi